Barua 11 za kujieleza

Mwaka 2009 niliteuliwa kuwa mkuu wa shule ya kata wilayani Kilosa, nikiwa nimeshika chaki miaka minne tu. Shule za kata zilikuwa zimeongezeka kwa kasi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze mwaka 2004, na wakuu walihitajika haraka. Nilijua kufundisha Jiografia. Kuongoza watu wazima sikuwahi kufundishwa.

Mwaka ule wa kwanza niliwaandikia walimu barua 11 za kujieleza, karibu zote kwa sababu ya kuchelewa. Jioni moja nilikwenda kulalamika kwa mzee jirani, mkuu wa shule mstaafu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Wanalala wapi, mwanangu?" Sikujua. Kesho yake nikawauliza wenyewe. Nyumba za walimu zilikuwa mbili. Saba kati yao walipanga mjini na kutegemea basi moja la asubuhi. Nikakaa na mwalimu wa taaluma, tukapangua ratiba, vipindi vya kwanza wakapewa wanaolala karibu. Sikuandika barua nyingine muhula ule.

Mzee hakunipa ushauri hata mmoja. Hilo lilinikaa moyoni mpaka 2016, nilipoacha kazi nikasomee ukocha wa uongozi, yaani kumsaidia kiongozi apate jibu lake mwenyewe kwa kumwuliza na kumsikiliza. Cheti cha ngazi ya kwanza cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na wateja. Saa zangu za mwanzo nilizipata kwa wakuu wa shule.

Kilichonipa taabu ni adabu. Darasani tulifundishwa kuuliza swali la wazi na kunyamaza. Sasa mtu unayemwamkia shikamoo, utamwulizaje "Kwa nini ulifanya hivyo?" Ataona unamhoji. Mkuu mmoja alifunga daftari lake, akaniaga vizuri, hakurudi tena. Tangu hapo "kwa nini" nimeiacha kabisa. Nasema, "Mama, nisimulie siku hiyo ilivyokwenda," halafu nanyamaza kweli, hata dakika mbili. Wengi hujikuta wamefika wenyewe katikati ya simulizi. Kutoa ushauri ni kutamu, nakiri. Ila kiongozi akiondoka na jibu langu, siku likikwama atarudi kwangu badala ya kwenda kwa watu wake.

Meneja mmoja wa SACCOS alikuja akisema msaidizi wake ni mvivu. Nilimwomba aorodheshe kila alichotia saini kwa wiki mbili. Alirudi na kurasa nane: mikopo, wino wa printa, mpaka sukari ya chai ya wageni. Akawa ananisomea. Ukurasa wa tatu akaishia njiani. "Huyu mtoto nimemwachia kazi gani?"

Kumkabidhi kulichukua miezi mitano. Aliwahi kuibiwa ofisini, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa hiyo sikumharakisha. Alianza na manunuzi yasiyozidi shilingi 50,000.

Mwezi uliopita alichukua likizo yake ya siku 28, ya kwanza baada ya miaka sita. Siku ya tatu akanipigia: je, ni vibaya akimpigia msaidizi? Nikamwuliza anataka kumwambia nini. Akakaa kimya kidogo.

"Nataka kumsalimu tu."