"Kiswahili hiki chetu?"

Jioni hii, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, umeme umekatika katikati ya somo la kompyuta. Nikaanza kuwasimulia vijana wangu gizani.

Vivek Kundra. Alisimamia teknolojia ya jiji la Washington, kisha mwaka 2009 Rais Obama akamteua kuwa mkuu wa kwanza wa teknolojia ya habari wa serikali kuu ya Marekani.

Na mtu huyo alikulia Tanzania. Kiswahili ni lugha yake ya utotoni.

Kimya.

Msichana mmoja, ambaye kila siku ananiomba radhi kwa Kifaransa chake kidogo, akauliza polepole: "Mwalimu, Kiswahili hiki chetu?"

"Ndiyo, mama. Hiki hiki."

Sauti yake bado ninayo masikioni.

Ndugu zangu, ninyi kompyuta mlifundishwa kwa lugha gani?