Niliambiwa niandike "kwa kauli moja"

Arobaini ya baba mkubwa ilipopita tulikaa kikao cha ukoo Usangi, uani kwake, chini ya mparachichi. Mimi nikapewa ukatibu. Wanasema nina mwandiko mzuri, lakini nadhani ni kwa sababu sikuwa na urithi wowote pale. Kule Mahakama ya Mwanzo tunakofungulia mirathi wanataka muhtasari wa kikao, na baba mdogo, mwenyekiti, alishaninong'oneza mapema: "Andika tumekubaliana kwa kauli moja. Mahakamani hawataki maneno mengi."

Mali yenyewe si ya kutoana macho: nyumba ya vyumba vinne Tanga mjini, na shamba la migomba na kahawa hapo hapo Usangi, lenye makaburi ya babu na bibi. Warithi ni mama mkubwa, mabinti wawili na kaka mmoja. Halafu kulikuwa na kijana aliyezaliwa nje ya ndoa. Alikaa pembeni, juu ya kreti la soda.

Shehe alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya rambirambi. Mafungu 32: mama mkubwa 4, kaka 14, kila binti 7. Kijana wa kwenye kreti hana kitu, maana mtoto wa nje hamrithi baba, na marehemu hakuacha wasia, ambao ungeweza kumpa hadi theluthi. Alieleza taratibu, bila kupandisha sauti. Kwake hesabu hiyo haipigwi na ukoo, ilishapigwa katika Surat An-Nisaa.

Shangazi akasema ardhi yenye makaburi haigawiwi mabinti. Wataolewa, na shamba litaangukia kwa watu wasiojua waliolala pale ni kina nani. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Yeye naye ni binti wa shamba lile lile, hakupata hata mgomba mmoja na hakuwahi kudai. Kuwapa watoto wa kaka yake leo ni kumwambia kwamba miaka yote ile alidhulumiwa akanyamaza.

Dada mkubwa yeye alitaka sawa kwa sawa, na alianza na mama yake. Nyumba ya Tanga, alisema, matofali yake ni vitumbua vya mama, kila siku kabla ya adhana ya alfajiri jiko limeshawaka. Akaleta kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Baba mdogo akamkata: "Bi Hawa aliachwa. Mama yako amefiwa." (Na Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa ilionekana alishapewa fedha za biashara akazitapanya. Dada hakulitaja hilo, nami sikumkumbusha.)

Pembeni mwa daftari nilikuwa napiga vistari kila neno "haki" likitajwa. Nilifika 23 nikaacha. Na hakuna aliyelitaja kwa hila. Watu husema tukielimishana tutaelewana, ila pale kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri sana. Shehe anaanzia kwa Mwenyezi Mungu, shangazi kwa waliolala makaburini, dada kwenye vitumbua. Sasa utamwambia nani kati yao aanzie mahali pengine?

Alasiri kaka alisimama. Atachukua 14 zake, na 3 atampa kijana. Mama akae Tanga mpaka mwisho wa uhai wake, shamba lisiuzwe. Wakasaini. Shehe alisaini kwa kuwa mtu ana hiari ya kutoa katika fungu lake. Shangazi kwa sababu shamba haliuzwi. Dada kwa sababu mama yake alimshika mkono. Kalamu yangu ilipofika kwenye "kwa kauli moja" ikagoma. Nikaandika: "Wajumbe wote wametia saini." Baba mdogo akasoma, akanitazama kidogo, akanirudishia daftari.

Usiku, nikinakili muhtasari kwa taa ya simu, nikaona katika mahudhurio sikumwandika kijana wa kwenye kreti. Kikao kizima hakuna aliyemuuliza neno, na mimi sikuwa tofauti nao. Nikalichomeka jina lake chini kabisa, baada ya shehe, kwa wino mwingine kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umeisha.