Dola za Marehemu

Shangazi alikuwa amekwisha kujaza fomu kabla hajanipigia simu. Dola zote za Morgan, sarafu za zamani za Marekani za madini ya fedha, alizoachiwa na marehemu mumewe alikuwa ameziorodhesha, kila moja na thamani yake ya kukadiria, na kilichobaki ni mimi kwenda "kuzitupia jicho" ndipo zitumwe kwa wataalamu wanaozikagua sarafu na kuzipangia daraja kwa namba. Ada hulipwa kwa kila sarafu, ipate namba nzuri au irudi na maneno ya aibu. Nikamwomba asifunge bahasha.

Nilizikuta zimepangwa juu ya kitambaa, zinameremeta. Sikupenda. Fedha iliyokaa hewani zaidi ya miaka mia hushika salfa, ikageuka manjano, kahawia, hata samawati pembeni. Zipo zilizolala kwenye mifuko ya benki zikatoka nyeupe pe, lakini hizo huwa zina kitu ambacho nyingi kati ya hizi hazikuwa nacho.

Nilizima taa ya dari nikabaki na taa ya mezani. Wengi hukimbilia lensi. Mimi lensi ni ya mwisho. Sarafu unaishika ukingoni kwa vidole viwili, unaiweka chini ya taa, unaiinamisha polepole huku na huku. Muhuri wa kiwandani, ule unaochapa sura kwenye sarafu, unapoigonga fedha, metali hukimbilia ukingoni na kuacha vijistari vidogo mno visivyoonekana kwa jicho tupu. Hivyo ndivyo vinavyofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu kama spoku za baiskeli. Niliyoanza nayo ilikuwa ya mwaka 1881, yenye S, herufi ya kiwanda cha sarafu cha San Francisco, na dola za kiwanda hicho za miaka hiyo husifiwa kwa mng'ao kuliko karibu zote. Niliinamisha. Mwanga haukuzunguka. Sarafu iling'aa yote kwa pamoja, kisha ikazima yote kwa pamoja.

"Hii imesuguliwa, Shangazi."

"Na nani?"

Nikampa lensi aone mwenyewe. Mikwaruzo myembamba ilikuwa imekwenda upande mmoja, ikapanda kutoka sehemu tupu hadi juu ya shavu la mwanamke aliyechorwa upande wa mbele kuwakilisha Uhuru, ikashuka upande wa pili bila kukatika. Ndani ya herufi, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na unga mweupe umegandia. Aliutazama kwa muda.

"Dawa ya meno," akasema. "Tukitarajia wageni alikuwa anakaa na kitambaa chake hapo, anazipiga moja moja. Nami nikamsifia."

Sikuwa na la kuongeza. Aliyesugua alisugua kwa mapenzi, na mpanga daraja hajali. Kipimo wanachotumia ni kile cha namba 1 hadi 70, kilichotokana na William Sheldon aliyekibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Sarafu iliyosuguliwa hivi hainyimwi kasha la plastiki wanalofungia sarafu. Hunyimwa namba, ikaandikiwa tu kwamba imesafishwa. Nyingine kadhaa zilikuwa na hali hiyo hiyo, tukaziweka kando haraka.

Shangazi hujifunza upesi, labda upesi kupita kiasi. Alinyanyua ya mwaka 1880 akaitangulia hukumu: "Na hii basi, mistari imejaa." Ni kweli ilikuwa imejaa. Lakini nikamwambia aufuate mmoja kwa lensi mpaka mwisho wake. Ukafika kwenye nywele za yule mwanamke ukakoma, ukaonekana tena ng'ambo ya kichwa, kwenye sehemu tupu. Hapo uliosuguliwa ni muhuri wenyewe, kiwandani. Anayeung'arisha muhuri hugusa uso wake bapa tu, ambao ndio huzaa sehemu tupu za sarafu. Sura imechimbwa chini, haifikiwi. Tena mkwaruzo uliochimba muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka, ilhali kitambaa huacha mfereji. Niliinamisha, spoku zikazunguka vizuri kabisa. Hiyo ikaingia kwenye bahasha.

Niliyoiogopa ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake: 1893, S. Katika dola za Morgan zilizotengenezwa kwa matumizi ya kawaida, hakuna mwaka na kiwanda chenye idadi ndogo kuliko hiyo, 100,000 tu. Za mwaka huo huo kutoka Philadelphia hazina herufi na bei yake iko chini mno, kwa hiyo tangu zamani kuna watu wanaozipandikizia S. Herufi hiyo hukaa upande wa nyuma, wenye tai, chini ya shada la majani.

"Si hiyo S hapo?" alisema. "Ilikuwa roho yake hiyo."

Niliikagua S kuizunguka yote. Sikuona gundi wala mshono. Aliyeifanya alikuwa fundi. Kisha nikaigeuza. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii: ukitaka kujua herufi ya nyuma ni halali, soma mbele. Dola zote halali za 1893 S zilipigwa kwa muhuri mmoja tu wa upande wa kichwa, na muhuri huo ulikuwa na kasoro: kijistari kilichoinuka kinachokata kwa mshazari juu ya T ya neno LIBERTY. Tena ile 1 ya mwaka husimama katikati kabisa ya jino mojawapo kati ya vijino vinavyouzunguka ukingo. Kwenye hii, T ilikuwa safi na 1 ilikuwa imekaa kando ya jino. Wala haikuwa imechakaa kiasi cha kufuta alama hizo.

"Kwa hiyo alidanganywa?"

"Huenda hata aliyemuuzia alidanganywa, Shangazi."

Alichukua rula akaifuta sarafu hiyo kwenye fomu kwa mstari ulionyooka.

Kati ya tulizotuma, moja tulibishana. Ilikuwa nyeupe kupita kiasi, na karibu na ukingo ilikuwa na doa la kahawia, kama linaloachwa na asidi isiyosuuzwa vizuri. Nilisema imechovywa kwenye asidi ya kusafishia. Asidi hiyo, yenye kemikali iitwayo thiorea, huondoa weusi wa salfa pamoja na utando wa fedha iliyo chini yake; ukirudia rudia, vile vijistari huliwa na sarafu hufifia. Hii ilikuwa imechovywa haraka, mwanga bado ulizunguka. Ikarudi na 63, bila neno lolote la lawama.

"Yaani kuoga ruksa, kusugua marufuku?" Shangazi akauliza.

Nikamwambia ndivyo wanavyokwenda. Mimi mwenyewe sijawahi kuridhika nalo, maana asidi nayo inakula metali. Wanachopima ni kile ambacho jicho linaweza kuona, na sarafu iliyochovywa na mtu mwenye mkono mwepesi haionyeshi kitu.