Mbuzi Mzima kwa Ajili ya Upepo

Kwa sisi tuliokulia Moshi, upepo wa Agosti ni kero. Unachana migomba, unatimua vumbi kuanzia mashamba ya miwa ya TPC mpaka mjini, na pale Kiboriloni wauza mitumba wanakimbizana na maturubai yao. Hakuna anayeusubiri. Kwa hiyo nilipohamia Rotterdam, Uholanzi, nikakuta wenzangu kazini wanachungulia simu kila mara kuangalia upepo wa Jumamosi, kisha wanabadilishana zamu ili wauwahi, nilijua hawa wana lao jambo.

Mmoja wao, mtu mzima ninayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee, ndiye aliyenishawishi nijaribu mchezo wao wa ubao wa tanga: unasimama juu ya ubao, unashika tanga, na upepo unakusukuma majini. Mwanzoni mwa Septemba alinipakia kwenye gari lake, mbao zimefungwa juu ya paa, tukashuka kusini mpaka Brouwersdam. Huo ni ukuta wa zaidi ya kilomita 6 unaounganisha visiwa vya Goeree-Overflakkee na Schouwen-Duiveland. Ulikamilika mwaka 1971, ukiwa sehemu ya ujenzi mkubwa ambao Waholanzi waliufanya baada ya mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilipobomoa kingo na kuua watu 1,836. Upande mmoja Bahari ya Kaskazini inapiga mawimbi. Ukivuka barabara tu, kuna ziwa la Grevelingen, maji ya chumvi lakini yametulia. Wajuzi wanakwenda baharini. Sisi tunaojifunza tunabaki ziwani, penye maji ya kiunoni, ili ukianguka usimame.

Kwa nini Septemba na si Julai wakati jua linawaka? Maji ya kule yanapata joto polepole, kwa hiyo mwisho wa kiangazi ndipo yanapovumilika, na ndipo dhoruba za Atlantiki zinapoanza kusogea na kuleta upepo wa maana. Watoto wamerudi shule, watalii wameondoka, maegesho yanapatikana. Siku hiyo upepo ulikuwa nguvu ya 5 kwa kipimo cha Beaufort, yaani kama kilomita 30 hadi 38 kwa saa. Wenyeji walikuwa wanacheka wenyewe. Mchezo huu kwao si wa juzi: ulipoingia Olimpiki kule Los Angeles mwaka 1984, dhahabu ya kwanza ilichukuliwa na Mholanzi, Stephan van den Berg.

Ubao wa tanga hauna usukani. Mlingoti umeshikizwa kwenye ubao kwa kiungo kinachogeuka kila upande, hivyo tanga lenyewe ndilo linaloongoza: ukiliinamisha mbele, pua ya ubao inaukimbia upepo, ukililaza nyuma, inaugeukia. Kazi ni kuliinua. Likiwa limelala majini linakuwa zito kwa maji yaliyokaa juu yake. Unasimama katikati ya ubao, magoti umeyakunja, unashika kamba nene na kulivuta taratibu kwa uzito wa mwili. Kijana aliyezoea kubeba magunia ya mahindi hulivuta kwa mikono. Tanga linachomoka ghafla, upepo unaliwahi, na kijana anakunywa ziwa.

Mwenzangu alikuwa ananipigia kelele neno moja: kaa! Alitaka nikae kama niko kwenye kiti, makalio nje ya ubao, mikono imenyooka, upepo unibebe. Inahitaji moyo kuuegemea upepo. Alasiri nikakaa. Ubao ukaacha kuyumba, maji yakaanza kugonga chini ya nyayo, chwa, chwa, chwa, haraka na haraka zaidi, mpaka ubao ukapanda juu ya maji na zile sauti zikawa mvumo mmoja. Halafu nikaanguka, lakini nilianguka nikiwa nacheka na mimi.

Picha nilizituma nyumbani. Rafiki zangu wawili Watanzania wa huko walinionya nisizitume. Walisema ukionekana umevaa suti ya mpira ufukweni, kesho yake utapigiwa simu za ada, za bati, za harusi. Wengi wetu ughaibuni tunaishi hivyo: zamu za ziada tunazitangaza, starehe tunaificha, kana kwamba saa mbili za kufurahi tumeziiba kwenye mfuko wa ukoo. Mimi sikubaliani nao. Hela ya nyumbani naituma kila mwezi, na ada za wadogo zangu hazijawahi kukwama. Kama mtu ananionea wivu kwa kuanguka ziwani, basi ana shida zake.

Hesabu nilikuja kuulizwa ana kwa ana. Krismasi nilikuwa Kibosho, maana Mchaga asiyerudi Desemba hujadiliwa kikao kizima. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kata ya mbege mkononi, kisha akauliza bei ya kukodi ubao, tanga na suti. Nikamtajia kwa shilingi.

“Hiyo si mbuzi?”

“Ni mbuzi, baba mdogo.”

“Mbuzi mzima umempa Mzungu ili upigwe na upepo?”

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi, aliyekuwa anamenya ndizi za mtori, hakucheka. “Mwacheni,” akasema. “Mwenzenu kule Jumapili hana pa kwenda.”

Nilinyamaza kidogo, maana ndivyo ilivyo. Jumapili ya Rotterdam ni kufua, kupika chakula cha wiki na kusubiri mtu wa nyumbani apokee simu.

Nikabadilisha mazungumzo, nikawaambia Januari, kaskazi ikiwa imeshika vizuri, nataka kushuka Paje, Unguja, ambako wageni wanatoka kwao kuja kutafuta upepo wetu. Binamu zangu wawili wakajiandikisha hapohapo, mmoja hajui hata kuogelea. Itabidi aanzie hapo.

Baba mdogo hakuona haja ya nauli yote hiyo. Akauliza kwa nini tusiende bwawa la Nyumba ya Mungu, karibu tu, maji yapo na upepo ni wa bure.

Nikamuuliza, na mamba je?

“Hao ndio watakaokufundisha kutoanguka.”