Kutoka miguuni kwenda kichwani

Nilikuwa nimezalisha kwa miaka 9 kabla sijashika sindano ya ganzi ya mgongoni. Kituo chetu kiko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na mama aliyehitaji operesheni ilikuwa lazima apandishwe mlima hadi Sumbawanga. Kiangazi safari inavumilika. Mvua zikianza, unapanda naye nyuma ya gari, mkono mmoja umeinua chupa ya dripu, mwingine uko tumboni kwake, na kila kona unamsemesha usikie kama bado anajibu.

Kwa hiyo tulipojengewa thieta tulifurahi mno. Kitanda kikaja, taa zikaja, na daktari msaidizi wa kupasua akaja. Nchini kwetu madaktari wasaidizi wanapasua tangu miaka ya 1960, kwa hiyo kisu hakikuwa tatizo. Tatizo likawa ni nani wa kumpa mama ganzi au usingizi. Thieta ikakaa na kufuli miezi, sisi tunaipita kila asubuhi tukienda leba. Siku moja mganga mfawidhi akaniita: "Sista, kuna nafasi moja ya mafunzo ya usingizi, miezi mitatu. Nimeandika jina lako." Kama nataka au sitaki, hilo hakuliuliza.

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na mwaka na nusu. Nikampeleka kwa mama mkwe, nikafunga begi. Posho ilichelewa wiki 6, na hayo ya posho nayaacha hapo.

Kilichonitesa mwanzoni ni hesabu. Mkunga amezoea dozi anayoijua kama jina lake: mtoto katoka, oksitosini yuniti 10, msulini, basi. Kwenye usingizi kila kitu kinaulizwa kilo. Ketamini, dawa ya usingizi, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mama. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, ampuli ya miligramu 30 unaichanganya mpaka sirinji ifike mililita 10, ili kila mililita ibebe miligramu 3. Jaribio la kwanza niliandika 30 mahali pa 3. Namshukuru Mungu ilikuwa karatasini. Jioni hiyo nilinunua daftari dogo, kila dawa ukurasa wake, na nikaipigia hesabu kamili kwa mama wa kilo 50, wa 60 na wa 70. Nilikuwa nalisoma huku nasonga ugali. Daftari hilo ninalo hadi leo, lina madoa ya mafuta.

Hapo darasani ndipo nilipojua kwamba Virginia Apgar, yule ambaye alama zake za hali ya kichanga tunampa kila mtoto dakika ya kwanza na ya tano, alikuwa mtu wa usingizi. Alizichapisha mwaka 1953. Miaka yote nimeandika "Apgar 9" bila kujiuliza Apgar ni nani! Nikaona kumbe sijahama nyumba, nimebadilisha chumba tu.

Sindano yenyewe inafundishika. Mama anakaa pembeni ya kitanda, anainama, anakumbatia mto, mgongo unatoka nje kama upinde. Unapapasa mfupa wa nyonga pande zote mbili, unaunganisha mstari kwa macho, unashuka na vidole kutafuta kibonde kati ya pingili. Sindano ni nyembamba mno, unaisukuma polepole, unahisi ukinzani kama wa ngozi ya ngoma, halafu ghafla inaachia. Ukichomoa waya wa ndani, maji ya uti wa mgongo yanatokeza, tone moja, jingine, meupe kama ya mvua. Mara ya kwanza nilipoyaona nilisahau kupumua. Mwalimu akasema, "Haya, yasije yakaisha."

Lakini wiki ya nne ndiyo iliyonifunza kazi. Nilikuwa nimechoma vizuri, ganzi imepanda, daktari amefungua tumbo. Nikasikia ule mlio wa maji ya chupa yakifyonzwa, na shingo yangu ikanyooka yenyewe kuchungulia juu ya pazia. Miaka 9 nimesimama miguuni kwa mama, mtoto anapotoka mimi naangalia mtoto. Mwalimu hakusema kitu. Alinishika kichwa kwa viganja viwili kama anayegeuza bakuli, akakielekeza kwenye mashine. Presha 74 kwa 40. Mama kanywea, jasho linamtoka, anasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kutapika. Efedrini mililita 2, dripu ikafunguliwa yote, nyonga ya kulia ikainuliwa zaidi kwa khanga iliyokunjwa. Dakika chache akarudi.

Aibu yangu ni kwamba sababu niliijua. Ganzi hulegeza mishipa ya chini, damu ikabaki huko, na tumbo la uzazi likikandamiza mshipa mkubwa hali inazidi. Ndiyo maana miaka yote nimewaambia wajawazito walalie ubavu wa kushoto. Jicho langu ndilo lilikuwa bado liko leba.

Nikajiwekea sharti: dakika kumi za kwanza baada ya ganzi, kila dakika natamka presha na mapigo kwa sauti, hata kama hakuna anayesikiliza. Anayesoma namba kwa sauti hawezi kuchungulia. Wenzangu walinicheka, wakaniita "Kondakta". Hadi mwezi wa tatu unaisha, wawili walikuwa wanatamka kama mimi.

Niseme pia kwamba miezi mitatu ni michache. Mama mwenye kifafa cha mimba ambaye hajatulia, au mwenye shingo fupi na mdomo usiofunguka vizuri, bado nampandisha mlima, na simwonei haya mtu.

Kesi yangu ya kwanza kituoni ilikuja usiku, umeme umekatika, jenereta inaunguruma nje ya dirisha. Uzao wa kwanza, njia imefunguka yote tangu jioni, mtoto hashuki. Nilichoma mara moja, maji yakatoka. Nikakaa kichwani kwake, nikaanza kutamka: 118 kwa 70. 104 kwa 62. 96 kwa 58, nikampa efedrini mililita 2. 110. Mtoto akalia. Mkunga mwenzangu akapita naye kwenda kwenye meza yenye joto. Mama akanishika kidole.

"Sista, ni nini?"

"Sijaona, mdogo wangu," nikamwambia. "Subiri nimalizie presha yako."