Tumehamia Seeta

Leo tumehama, jamani. Kutoka Namuwongo, mtaa wa Kampala, hadi Seeta, kule Mukono, vyombo vyote juu ya pikapu moja, mimi na wanangu wawili tumebanana mbele na dereva.

Foleni ya barabara ya Jinja ilitushika kuanzia mtaa wa Banda mpaka Kireka. Jua kali!

Mdogo alikataa katakata beseni lake la kuogea lipakiwe nyuma. Amelikumbatia njia nzima, kidevu kwenye ukingo. Hata usingizi ulipomchukua, vidole havikuachia.

Moyo uliniuma sana. Kumbe hata wa miaka mitatu anajua kuwa tunaondoka.

Sasa dada yake anauliza jirani yetu wa kule atakuja saa ngapi kumsuka. Bado sijamjibu.

Wazazi wenzangu, wenu mliwazoesha vipi nyumba mpya? Niambieni, usiku ndio huo unaingia.