Msiba wa hamali nao ni msiba

Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, awe ni mwenye jumba la mawe mtaa wa Mkomani au hamali, mbeba mizigo wa gatini. Swala ya maiti ni takbira nne zilezile, haina rukuu wala sijda, na jeneza hupita vichochoro vilevile vya Lamu mabegani mwa watu. Tofauti ya daraja huanza tukisharudi makaburini: daka moja (baraza ya mlangoni) viatu vimejaa hadi njiani, jingine lina mkeka na wazee wawili.

Siku za kuhani, yaani kuwapa pole wafiwa, ni tatu, na kosa kubwa ni la chakula. Jaafar, binamu yake Mtume (s.a.w.), alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwani wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi twageuza: wafiwa ndio wakopao mchele kuwalisha waliokuja kuhani. (Na biriani msibani, mtanisamehe, siioni maana yake.) Kilo 2 za mchele kwa nazi 4 hutosha watu kama 15. Ila wali wa nazi uliopikwa asubuhi, kwa joto hili letu, magharibi ushachacha. Sufuria sita zikiingia nyumba moja mchana mmoja, nne zamwagwa. Mtaa ugawane: huyu alete cha mchana, yule chai na mahamri ya jioni, mwingine angoje siku ya nne, wakati hakuna tena abishaye hodi. Na sufuria yako ifuate mwenyewe, mfiwa asiwe na kazi ya kuosha vyombo vya watu.

Halafu kuna hili la "usilie". Mtume alimshika mjukuu wake akiwa katika kukata roho, machozi yakamtoka. Sahaba wake Saad bin Ubada alipomuuliza, alijibu kuwa hiyo ni rehema Mwenyezi Mungu aliyoitia nyoyoni mwa waja wake. Lililokatazwa ni kupiga mayowe na kujirarua nguo. Mwache mtu alie. Keti, mwombee subira, nyamaza. Maswali ya aliugua nini na alitibiwa wapi, ya nini?

Jirani Mkristo aliyetoka bara naye usimruke. Jeneza la Yahudi lilipita, Mtume akasimama. Alipoambiwa ni la Yahudi, akauliza: kwani si nafsi? Huyo jirani mara nyingi atataka kumsafirisha maiti kwao, kwa hiyo mchango wa boti hadi Mokowe, gati ya ng'ambo ya bara, na gari la kutoka pale wamfaa kuliko sahani ya wali.

Anayesahaulika zaidi ni mjane. Eda yake, muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, ni miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue akiwa na mimba, na muda huo hatoki ovyo. Ukimwambia "ukiwa na haja sema," hasemi, hasa mke wa kibarua. Tuma mtoto kila asubuhi, abishe hodi aulize: leo samaki au mboga?